Kimelea hutokaje ndani ya seli: je, seli hupasuka kwa kujaa, au kalsiamu ndiyo inayotoa amri?

Hadubini Kuukuu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa semina ya darasa la uzamili kuhusu vimelea vinavyoishi ndani ya seli, na nimekwama mahali ambapo nilidhani pangekuwa rahisi kuliko pengine pote. Tangu sekondari tulifundishwa kwamba vimelea vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu ya damu mpaka chembe inashindwa kuvibeba, kisha inapasuka kama gunia lililoshindiliwa kupita kiasi, na homa inaanza. Picha hiyo niliikubali bila kuihoji, na hata mwaka jana niliifundisha mwenyewe kwa vijana wa mwaka wa kwanza.

Sasa nimesoma kwamba Toxoplasma gondii, ambayo ni jamaa wa kimelea cha malaria, ikiwekewa ayonofoa A23187, yaani kemikali inayopitisha kalsiamu kwenye tando za seli, hutoka ndani ya seli mwenyeji kwa dakika chache tu, hata kama ndani ya kifuko kinachokizunguka humo vimo vimelea vinne badala ya thelathini na viwili. Seli yenye vimelea vinne haijajaa kitu. Kwa hiyo habari ya gunia hainiingii akilini tena, lakini sijapata picha nyingine ya kuweka mahali pake. Kalsiamu inayozungumzwa ni ya nani: ya kimelea, ya seli mwenyeji, au ile iliyomo katika majimaji ya nje? Na kama kalsiamu ndiyo amri ya kuondoka, ni nani anayeitoa amri hiyo siku za kawaida, pasipo mtafiti kusimama pembeni na bomba lake la ayonofoa?

Bi Mikronemu amejibu:

Ndugu Hadubini, nimefanya kazi na Toxoplasma kwenye seli za kuoteshwa kwa miaka kadhaa, nami nitajibu kwa upande huo. Wa malaria wapo humu watanisahihisha nikivuka mpaka.

Anza na hesabu, kwa sababu bila hesabu ishara ya kalsiamu haieleweki. Ndani ya saitoplazimu ya kimelea kilichotulia, kalsiamu huru ni takriban nanomola 100. Ndani ya saitoplazimu ya seli mwenyeji ni kiasi kama hicho hicho. Nje ya seli, katika majimaji ya mwili, ni zaidi ya milimola 1, yaani zaidi ya mara elfu kumi. Kifuko ambamo kimelea kinaishi kina utando unaopitisha molekuli ndogo, hivyo kwa habari ya kalsiamu kimelea kilichomo ndani ya seli kinaoga katika maji yale yale ya saitoplazimu ya mwenyeji. Maana yake ni kwamba wakati wote wa kuzaliana kimelea kimezungukwa na utulivu. Hakuna kalsiamu ya kuingia kutoka nje hata kama milango ingekuwa wazi, na kikitaka kupandisha kalsiamu yake lazima kwanza kifungue ghala lake mwenyewe, ambalo kubwa lake ni retikulamu ya endoplazimu. Ghala hilo hujazwa saa zote na pampu ya aina ya SERCA, na ukiizuia pampu hiyo kwa thapsigagini kalsiamu huvujia kwenye saitoplazimu. Hivyo basi, kwa swali lako la kwanza, cheche huanzia kwa kimelea chenyewe. Kalsiamu ya mwenyeji na ya nje huja baadaye kuongezea moto, hasa pale utando wa seli mwenyeji unapoanza kutoboka. Watafiti waliotumia vimelea vilivyowekewa protini inayong'aa kalsiamu inapopanda wameliona ongezeko hilo la pili waziwazi.

Sasa nani anagonga kiberiti? Mlolongo unaokubalika leo huanza na cGMP, molekuli ndogo inayobeba ishara ndani ya seli. Kimelea kina kimeng'enya kikubwa kinachotengeneza cGMP, na cGMP ikipanda huamsha PKG, ambayo ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine ili kubadili kazi zake. PKG nayo husababisha kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi C kipate malighafi na kukata mafuta fulani ya utando vipande viwili. Kipande kimoja, IP3, hufungua ghala la kalsiamu. Jambo linalochekesha kidogo ni kwamba katika jenomu ya Toxoplasma hakuna jeni linalofanana na lile la kipokezi cha IP3 cha wanyama, ingawa kimelea kinaitikia kana kwamba kipokezi kipo. Tunajua mlango unafunguka bila kujua bawaba zake ziko wapi. Kipande cha pili, DAG, hugeuzwa kuwa asidi ya fosfatidi, nayo huhitajika ili vifuko viitwavyo mikronemu vimwage vilivyomo. Nakusihi usiliruke hili katika semina yako, kwa sababu watu wengi husema kalsiamu inatosha peke yake, kumbe mikronemu ni kama sanduku la benki lenye funguo mbili: kalsiamu ni ufunguo mmoja, asidi ya fosfatidi ni wa pili, na zote mbili zinatoka kwenye mkato ule ule mmoja.

Kalsiamu ikishapanda hupokewa na kinasi ziitwazo CDPK. Hizi wanyama hawana; mimea inazo. Usishangae, kwa maana kundi hili la vimelea lina ndani yake kiungo kidogo kiitwacho apikoplasti, ambacho ni masalia ya mwani uliomezwa zamani sana. Mwaka 2008 katika jarida la Nature ilionyeshwa kwamba Toxoplasma hutengeneza hata asidi ya absisiki, homoni ambayo mimea huitumia kukabiliana na ukame, na kwamba homoni hiyo inachochea kalsiamu na kuondoka. Kiuamagugu kiitwacho fluridoni, kinachozuia utengenezaji wake, huchelewesha kutoka. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba kimelea hiki kinaishi kama mnyama na kinaaga kama mmea. Katika CDPK hizo, ya kwanza ndiyo yenye mzigo mkubwa: ikikosekana, mikronemu hazimwagwi, na kimelea hakiwezi kutoka wala kuingia kwingine. Ya tatu, CDPK3, ni ya haraka zaidi kuliko ya lazima. Kimelea kisicho nayo huzubaa kinapowekewa ayonofoa, lakini hatimaye hutoka.

Kilichomo ndani ya mikronemu ndicho kinachovunja mlango. Kuna protini iitwayo PLP1, ndugu wa perforini ambazo chembe zetu za kinga hutumia kutoboa seli zilizoambukizwa, na hii hutoboa utando wa kifuko kutokea ndani. Vimelea visivyo na PLP1 vikipewa ayonofoa ni kioja kukitazama: vinaamka, vinazunguka na kusukumana ndani ya kifuko, lakini havitoki, kama watu waliofungiwa ndani ya daladala. Kwa panya ukali wa vimelea hivyo ulishuka mno, jambo lililoripotiwa mwaka 2009. Pamoja na kutoboa kuna mwendo wenyewe. Kimelea hutembea kwa kuteleza, kikisukumwa na aktini na mayosini yake, na kabla ya amri vimelea hulala vikiwa vimepangika kama vidole vya ndizi kwenye chane, ncha zikitazama huku na huku. Baada ya amri kila kimoja hushika njia yake.

Kuhusu nani anatoa amri siku za kawaida, kuna majibu zaidi ya moja na yote yana ushahidi. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba vimelea hutoa kimeng'enya ndani ya kifuko kinachotengeneza asidi ya fosfatidi, na kadiri vimelea vinavyoongezeka ndivyo asidi hiyo inavyolundikana, mpaka inafikia kiwango cha kuamsha utengenezaji wa cGMP. Hiyo ni saa ya ndani. Utaona kwamba gunia lako halikuwa uongo mtupu. Kujaa kunahusika, ila kunahusika kama habari wala si kama msukumo. Kifuko pia huongezeka uchachu kuelekea mwisho, na PLP1 hutoboa vizuri zaidi penye uchachu. Halafu kuna amri ya dharura. Seli mwenyeji ikitobolewa, potasiamu yake huvuja na kalsiamu huingia, na kimelea huisoma hali hiyo kama mtu anayesikia paa likilia. Chembe ya kinga ikija kuiua seli iliyoambukizwa, vimelea hutoka mbio kabla mwenyeji hajafa kabisa, na vingine huishia kuingia ndani ya chembe ile ile ya kinga iliyokuja kuua.

Msoma Slaidi amejibu:

Nimemsoma Bi Mikronemu kwa raha, na sina la kupinga upande wake. Naomba tu Ndugu Hadubini asihamishe maelezo yote hayo kwenda kwenye malaria kama mtu anayehamisha samani bila kupima milango ya nyumba mpya.

Tofauti ya kwanza ni kwamba merozoiti za Plasmodium, yaani vimelea vya malaria vinavyotoka kwenye chembe moja nyekundu kwenda kuvamia nyingine, hazitoki kwa kutembea. Toxoplasma hutoboa na kuteleza nje. Merozoiti hutupwa nje. Katika Plasmodium falciparum, baada ya saa 48 hivi, skizonti iliyokomaa, yaani kimelea kilichokwisha kugawanyika ndani ya chembe, ina kati ya merozoiti 16 na 32, na yanayotokea hapo hufuata utaratibu mkali. Kwanza cGMP huamsha PKG, kalsiamu hupanda, na vifuko vidogo vinavyoitwa eksonemu humwaga proteasi, yaani kimeng'enya cha kukata protini, iitwayo SUB1 ndani ya nafasi iliyozunguka merozoiti. SUB1 haipasui kitu moja kwa moja. Kazi yake ni kunoa visu vya wengine: inazikata protini za kundi la SERA zilizokuwa zimelala, na inazikata pia protini za uso wa merozoiti ili ziwe tayari kwa uvamizi. Utando wa kifuko huvunjika kwanza. Dakika kadhaa baadaye huvunjika utando wa chembe nyekundu, baada ya SERA6 kukata spektrini, ambayo ni kama mitaimbo ya chuma inayoshikilia ukuta wa chembe hiyo.

Utaratibu huo tunaujua kwa sababu hatua zake zinaweza kutenganishwa kwa dawa. Ukizuia PKG, hakuna kinachovunjika; skizonti inakaa nzima, imekomaa na imekwama. Ukizuia proteasi za aina ya sisteini kwa E64, kifuko kinavunjika lakini merozoiti zinabaki zimefungwa ndani ya utando wa chembe nyekundu. Ukiifunga kalsiamu ya ndani kwa BAPTA-AM, kutoka kunazuilika. Na mwaka 2010 katika jarida la Science ilionyeshwa kwamba vimelea vilivyopungukiwa na CDPK5 hukomaa kikamilifu lakini havitoki, ingawa ukizitoa merozoiti hizo kwa nguvu huingia chembe nyingine bila shida. Kwangu mimi hilo jaribio ndilo lililoizika habari ya gunia. Chembe imejaa, merozoiti ni nzima na zina uwezo, na bado hakuna kinachopasuka kwa sababu amri haijapokelewa.

Hata hivyo, sekunde ya mwisho kabisa gunia linarudi. Ukitazama kwa kamera ya kasi, chembe huvimba, tundu hufunguka, merozoiti chache huchomoka, kisha utando wenyewe hujikunja na kujipindua nje na kuzitawanya zilizobaki. Huo ni mkandamizo na unyumbufu wa utando, wala si kalsiamu. Kwa hiyo mwalimu aliyekufundisha alikuwa ameona tukio la mwisho, akalichukua kuwa ndilo tukio zima.

Nyongeza ndogo kwa watakaokwenda kutafuta jambo hili kwenye slaidi za wagonjwa: mtachoka bure. Skizonti za falciparum zilizokomaa huwa zimenasa kwenye mishipa midogo ya viungo vya ndani, na damu ya kidole huonyesha zaidi vimelea vichanga vyenye umbo la pete. Homa za vipindi ambazo Camillo Golgi alizihusisha na kupasuka kwa chembe huko Italia katika miaka ya 1880 zilikuwa za malaria za aina nyingine, zile za saa 48 na za saa 72, ambazo vimelea vyake huonekana kwenye damu katika hatua zote.

Kama semina yako ina nafasi, mtaje na mbu. Gametositi, yaani vimelea vya hatua ya kiume na kike, nazo hukaa ndani ya chembe nyekundu, na mbu akimeza damu lazima zitoke. Huko amri hutoka nje: joto hushuka kwa nyuzi kadhaa, na ndani ya utumbo wa mbu kuna asidi ya zanthureniki, ambayo kazi yake hiyo ilitambuliwa mwaka 1998. Mambo hayo mawili kwa pamoja hupandisha cGMP na kalsiamu ndani ya sekunde chache. Gametositi ya kiume hunakili DNA yake mara tatu na kutoa gameti nane zenye mikia kwa muda wa kama robo saa, na bila CDPK4 kazi hiyo haifanyiki. Sijui mfano mwingine wa kalsiamu kufanya kazi kubwa hivyo kwa haraka hivyo.

Daktari wa Kupe amejibu:

Salaam kwa wote. Mimi ni wa mifugo, na ninauliza kwa niaba ya ng'ombe. Theileria parva, inayoleta ndigana kali, iko katika kundi hilo hilo la vimelea, lakini skizonti yake hukaa ndani ya limfositi, aina ya chembe nyeupe za damu, bila kifuko chochote, imejishika kwenye nyuzi za mgawanyiko za seli mwenyeji, na seli ikigawanyika nayo inagawanywa pamoja. Yeye aliyepata mwenyeji anayezaliana naye ana haja gani ya kutoka? Na je, tunaweza kusema kwamba mlolongo huu wa kalsiamu ni wa kundi zima?

Bi Mikronemu amejibu:

Daktari, swali lako ni zuri kwa sababu linaonyesha kwamba kutoka si sheria ya lazima kwa kila hatua ya maisha ya kimelea. Skizonti ya Theileria inayokuzwa na limfositi haina haraka, na hata sporozoiti yake, ile inayoletwa na kupe, inapoingia haitumii mbinu ya mikronemu kama ndugu zake. Huingia, huyeyusha kifuko ndani ya dakika chache, na hukaa wazi. Inayohitaji kutoka ni merozoiti, ili iende kwenye chembe nyekundu na hatimaye kwa kupe. Cha kusema kwa uangalifu ni kwamba vifaa vya msingi, yaani PKG na CDPK, vimehifadhiwa katika kundi hili la vimelea, lakini kila mmoja amevipanga kwa mahitaji yake. Toxoplasma inatumia CDPK1 na CDPK3 pale ambapo falciparum inategemea CDPK5. Kufanana kwa majina kusimfanye mtu adhani kazi ni ile ile.

Hadubini Kuukuu ameandika tena:

Mmenitoa mbali, na nimeshaifuta slaidi yangu ya gunia. Nina mambo mawili yaliyobaki. Nimeona pahali pameandikwa kwamba atemisinini huua kwa kuizuia pampu ya kalsiamu ya kimelea. Je, niiweke katika sehemu ya tiba? La pili ni la vitendo. Msimamizi wangu ameniambia nipendekeze jaribio moja litakaloonyesha kwamba kalsiamu ya kimelea ndiyo inayohusika. Niliandika kwamba nitaweka BAPTA-AM kwenye seli zilizoambukizwa na kuhesabu zinazopasuka. Alitikisa kichwa bila kueleza.

Msoma Slaidi amejibu:

La atemisinini usiliweke, au uliweke kama historia. Pendekezo hilo lilitolewa katika jarida la Nature mwaka 2003, likahusu pampu iitwayo PfATP6, nalo lilivutia wengi kwa sababu atemisinini ilifananishwa na thapsigagini. Baadaye pampu hiyo ilipotengwa na kusafishwa haikuzuiwa na atemisinini kama ilivyotarajiwa. Maelezo yanayoshikiliwa sasa ni kwamba dawa huamshwa na chuma cha himu kilichotokana na himoglobini iliyomeng'enywa, kisha huharibu protini nyingi kwa pamoja. Usugu nao umefuata njia ya Kelch13, na mabadiliko ya jeni hilo yaliyoripotiwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera hayaigusi pampu ya kalsiamu.

Bi Mikronemu amejibu:

Kwa sehemu ya tiba zungumzia CDPK1 badala yake. Katika Toxoplasma, mlango wa mfuko wa kinasi hiyo ambamo ATP, molekuli ya nishati, hukaa una glisini, amino asidi ndogo kuliko zote, wakati kinasi za binadamu karibu zote zina kitu kikubwa zaidi mahali hapo. Hivyo wakemia wametengeneza vizuizi vyenye nundu: nundu inapita kwenye kinasi ya kimelea na kukwama kwenye ya mgonjwa. Vimejaribiwa hata kwa kondoo wenye mimba walioambukizwa, na utupaji wa mimba ulipungua, jambo ambalo Daktari wa Kupe atalielewa thamani yake kuliko mimi.

Kuhusu jaribio, msimamizi wako yuko sahihi. BAPTA-AM huvuka tando zote na kunaswa ndani ya kila seli yenye vimeng'enya vya kuikata, na ya kwanza kukutana nayo ni seli mwenyeji. Zikiacha kupasuka hutajua umenyamazisha kalsiamu ya nani. Ayonofoa nayo ina kosa hilo hilo kwa upande wa pili, kwani hufungua kila utando unaoufikia.

Ningependekeza hivi. Tumia Toxoplasma iliyowekewa GCaMP, protini inayong'aa kalsiamu inapopanda, kwenye jenomu yake, ili mwanga utoke kwa kimelea peke yake. Katika majimaji ya nje ondoa kalsiamu na uongeze EGTA, inayonasa kalsiamu iliyobaki, ili kusiwe na cha kuingia. Kisha usichochee kwa ayonofoa, bali kwa zaprinasti, ambayo huzuia uvunjaji wa cGMP, kwa hiyo unaingilia juu ya mlolongo na kumwachia kimelea afungue ghala lake mwenyewe. Mwanga ukipanda katika hali hiyo, umepata chanzo. Ongeza kundi la pili lenye sitokalasini D, ambayo husimamisha aktini: vimelea havitatembea, lakini kama mikronemu zimemwagwa utaona utando wa kifuko ukipitisha rangi hata kabla ya mtu yeyote kutoka, na hapo utakuwa umetenganisha kutoboa na kutembea. Kundi la tatu ni la kizuizi cha PKG pamoja na zaprinasti. Hilo lisipowekwa, mwulizaji wa kwanza kwenye semina yako atauliza kama zaprinasti haikufanya jambo lingine, nawe hutakuwa na jibu.